Binti yangu anasoma riwaya ya msichana anayejikata: nimwachie au nimnyang'anye?

Mama Zai
Habari zenu wapendwa. Jumamosi iliyopita, nilipokuwa nikipanga nguo chumbani kwa binti yangu wa miaka 15 hapa Minneapolis, nilikuta chini ya mto kitabu alichokivisha jalada la karatasi ya kalenda, kama sisi tulivyokuwa tukivisha madaftari yetu shuleni. Nilipolivua nikaona ni *Girl in Pieces* ya Kathleen Glasgow, riwaya ya mwaka 2016 ambayo msimulizi wake, Charlie, msichana wa miaka 17, anaanza kusimulia akiwa amelazwa hospitalini katika jimbo hili hili la Minnesota baada ya kujijeruhi vibaya. Nilisoma kurasa kama kumi nikiwa nimesimama, kisha nikakirudisha kilipokuwa. Sijaona jeraha lolote kwa mwanangu, ingawa nakiri kwamba tangu siku hiyo namtazama mikono kila anapopokea sahani. Baba yake anataka kitabu kitoke nyumbani, kwani anaamini kuwa anayesoma habari za kujikata atajifunza kujikata. Je, yupo mzazi aliyewahi kukutana na jambo hili?

Mkutubi Mstaafu
Pole kwa mshtuko, dada yangu. Nilitunza maktaba ya shule ya sekondari kwa miaka mingi, na vitabu vya namna hii nilikuwa nikivisoma mwenyewe kabla ya kuvitoa kwa wanafunzi. Kilichonikaa moyoni ni ukimya wa wasichana hawa kuliko majeraha yao. Charlie mwanzoni hasemi. Callie wa *Cut*, riwaya ya Patricia McCormick ya mwaka 2000, naye hasemi, ila masimulizi yake yote anamwelekezea mtaalamu anayemtibu kwa kumwita "wewe", hata msomaji anajikuta ndiye aliyekalia kiti cha kumsikiliza. Callie ana mdogo wake, Sam, mgonjwa wa pumu, na amejitwika peke yake lawama ya ugonjwa huo. Huo mzigo ndio kiini cha hadithi, na nadhani ndiyo maana nakala yetu ilirudi kila mara ikiwa imechakaa pembe.

Ukikifikia mwisho kitabu cha binti yako, usiyaruke maelezo ya mwandishi. Glasgow, ambaye naye aliwahi kujijeruhi, anasimulia jinsi alivyomwona ndani ya basi msichana mwenye alama mpya mkononi na asimsemeshe neno. Riwaya ilianzia hapo.

Baba Mapacha
Mimi namuunga mkono shemeji, japo si kwa yote. Tusisahau tamthilia ya *13 Reasons Why*, iliyotolewa na Netflix mwaka 2017 ikiwa na tukio la kujiua lililoonyeshwa bila kufichwa, na mwaka 2019 wakalikata tukio hilo baada ya kushauriana na wataalamu. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho iliteleza, mwandishi naye anaweza kuteleza. Kuandika kwa nia njema hakutoshi.

Muuguzi wa Zamu
Hofu ya Baba Mapacha ina msingi, na ndiyo maana mimi hutazama kwanza kama kitabu kinaeleza namna ya kujijeruhi hatua kwa hatua, au kinaeleza kinachomfikisha mtu hapo. Wengi hujijeruhi ili kutuliza maumivu ya moyo wasiyoweza kuyatamka, bila nia ya kufa. Hata hivyo hatari ya kufikia kujiua huwa kubwa zaidi kwao, kwa hiyo jambo hili halipuuzwi kamwe. Nionavyo, *Girl in Pieces* ni kizito kwa kijana aliye katikati ya maumivu hayo sasa hivi, kwa kuwa Charlie akiwa Tucson, mji wa jimbo la Arizona, anakoosha vyombo mgahawani, anampenda mwanamuziki mwenye uraibu na kurudia kujijeruhi kabla ya kuanza kupata nafuu.

Muulize binti yako waziwazi, kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili. Kuuliza hakumpandikizii mtoto wazo. Na kwa kuwa mko Marekani, namba 988 ya msaada kwa wanaofikiria kujiua au walioelemewa na maumivu ya moyo, iliyoanza kutumika Julai 2022, hupokea simu na ujumbe saa zote bila malipo, na hata mzazi mwenye wasiwasi anaweza kuitumia.

Mama Zai
Nawashukuru nyote. Jana usiku nilimwambia kwamba nililivua jalada, kumbe alijua tangu Jumamosi, maana sikulikunja alivyolikunja yeye. Alinuna kidogo, kisha akaniuliza nimefika ukurasa wa ngapi. Nilipomuuliza kama anajiumiza alikataa, akanyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema kwamba kitabu alipewa na rafiki yake wa darasani, ambaye huvaa nguo za mikono mirefu hata siku za joto kali. Nikamsomea yale maelezo ya mwandishi kuhusu msichana wa kwenye basi. Nimemwomba tumpigie simu mama wa huyo rafiki, mimi na yeye pamoja. Amesema atanijibu leo akirudi kutoka shule.