Bustani za mboga wakati wa vita: zilisaidia kweli?

Mwalimu wa Historia, Tabora
Ndugu zangu, habari za leo. Tulipokuwa tukisoma darasani namna Waingereza na Wamarekani walivyohimizwa kulima mboga nyumbani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanafunzi mmoja aliniuliza: matuta mawili ya kabichi yalimdhuru nini Hitler? Naomba msaada.

Mstaafu, Ujiji
Mwalimu, mwambie kijana huyo aanze na meli. Kabla ya vita Uingereza iliagiza zaidi ya nusu ya chakula chake kutoka ng'ambo, na vita vilipoanza nyambizi za Ujerumani zikawa zinazizamisha meli hizo katika Atlantiki. Kila gunia la viazi lililovunwa nyumbani liliacha nafasi melini kwa ngano, mafuta na silaha, ndiyo maana tangu Oktoba 1939 serikali iliwataka wananchi wachimbe bustani zao za maua wapande mboga, na hata handaki kavu linaloizunguka ngome ya Tower of London likalimwa. Vitunguu, vilivyozoea kutoka Ufaransa, viliadimika mno baada ya nchi hiyo kutekwa mwaka 1940, hata kitunguu kimoja kikawa zawadi ya bahati nasibu!

Mama Bustani, Kasulu
Marekani ilikuwa na chakula. Iliyopungua ni bati ya makopo, na reli nazo zilielemewa na mizigo ya jeshi. Mwaka 1943 mboga za makopo ziliwekewa mgao, na mwaka huohuo bustani ikalimwa Ikulu, akiwapo Eleanor Roosevelt, mke wa rais. Husemwa kwamba bustani milioni 20 zilitoa karibu asilimia 40 ya mboga mbichi za nchi nzima, ingawa mimi, ninayechuma mchicha wangu jioni na kuupeleka moja kwa moja chunguni, najiuliza ni nani aliyeupima.

Mwalimu wa Historia, Tabora
Nawashukuru, mzee wangu na mama yangu. Ila wanafunzi wangu wamezoea ugali, na wataniuliza ni nani aliyeshiba mboga.

Mstaafu, Ujiji
Hakuna, mwalimu. Mboga ilikuwa kitoweo, na shibe ilitoka kwenye viazi na mkate. Siagi, nyama na sukari vilipimwa kwa mgao tangu mwaka 1940, lakini mkate haukuwekewa mgao Uingereza mpaka Julai 1946, vita vikiwa vimekwisha.