Raia wa kawaida aruhusiwe kununua bunduki ama?

Floti_Imeisha
Wasee niaje. Niko na kaduka ka M-Pesa huku Kayole, juzi jioni nikikaribia kufunga wakaja wawili na boda, mmoja akabaki juu ya pikipiki bila kuzima, mwingine akainua tisheti nikaona kishikio cha bastola kwa kiuno. Hakusema kitu, nikampea floti yote, ile pesa ya kazi, na simu. Jirani ananiambia pengine ilikuwa bonoko tu, bastola feki, sawa, lakini utamuuliza? Sasa mbona serikali isifungue hii maneno, mtu wa biashara asiye na kesi aende dukani anunue yake kama Marekani? Wakora wanazo, sisi tunalindwa na rungu ya soja.

WakiliWaMtaani
Pole sana kaka. Ila sheria haijakataza. Kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, unaomba kwa Bodi ya Leseni za Silaha, unapeleka cheti cha tabia njema cha DCI, wale wapelelezi wa polisi, unaeleza unaitakia nini, unachunguzwa. Mwisho wa 2018 hata waliokuwa na leseni waliambiwa warudi wote wapigwe msasa upya. Shida ni kwamba huo mlango unajulikana na wenye pesa, ndio unasikia mheshimiwa ametoa bastola kwa klabu sababu ya meza. Wakaze hapo kwanza kabla ya kufungulia kila mtu.

Mama_Umoja
Mimi naunga mkono Floti. Magaidi walipovamia ile mall ya Westgate 2013, raia wenye leseni waliingia ndani wakatoa watu, vikosi bado vinajipanga huko nje. Hiyo mmesahau?

SojaMzee
Hatujasahau mama, lakini wale walikuwa watu wa mazoezi, si mtu wa kuuza kredo. Nimekaa kwa mageti miaka mingi, wacha niwaambie, mkora anakuja ashaamua. Yako iko kwa droo, chini ya kitabu cha kurekodi, na wewe umeinamisha kichwa unahesabia kastoma pesa. Hadi ufungue hiyo droo imeisha. Na wakishajua uko nayo hawakuji tena kukutisha, wanaanza na risasi ndio waibebe, juu hiyo bastola kwao ina faida kuliko floti yako. Mbona unadhani karao, yaani polisi, akitoka kazini na nguo za nyumbani anaificha hivyo?

Samburu_Jijini
Watu wa Nairobi mnaongea kama hii kitu haijajaribiwa Kenya. Kwetu Samburu kijana anachunga na AK, na kila upande unasema ni ya kujilinda, hawa wakinunua wale wanauza ng'ombe wanunue zaidi. 2012 kule Suguta karibu na Baragoi polisi zaidi ya 40 waliuawa wakifuata mifugo iliyoibwa. Polisi wenyewe, na bunduki zao. Na hiyo Marekani, Small Arms Survey, watafiti wa mambo ya silaha, walikadiria 2017 raia wako na bunduki kama milioni 393, kushinda idadi ya watu, na bado maduka yanaibiwa.

Floti_Imeisha
SojaMzee hapo kwa kuinamisha kichwa umeniona kabisa, ilikuwa vile vile. Lakini bado silali vizuri. Wakili, hiyo fomu ya bodi mtu anaanzia wapi?