Basi la Kisumu–Kampala lilituacha mpakani Busia na mabegi yetu, sasa ofisi inatuzungusha

Wadau, kama unapanga kuzunguka Uganda kwa basi na begi mgongoni, soma hii kabla hujalipa nauli.

Mimi na binamu yangu, mwalimu wa historia, tulitaka kufuata nyayo za wafalme wawili wa zamani wa Uganda, Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Waingereza waliwakamata pamoja Aprili 1899, wakawapeleka uhamishoni Shelisheli. Mwanga alifia huko 1903, mabaki yake yakarudishwa 1910 na kuzikwa Kasubi, Kampala. Kabalega aliruhusiwa kurudi, akafariki Jinja 1923 kabla hajafika kwao. Kaburi lake liko Mparo, Hoima. Jinja, Kasubi, Hoima: kote huko magari yapo, huhitaji kukodi kitu.

Karani wa kampuni moja hapa Kisumu akatuuzia tiketi ya mpaka Hoima. Kampala, alisema, tutabadilishiwa basi bila kuongeza hata shilingi. Akaandika kwa kalamu nyekundu juu ya tiketi: "Hoima, imelipwa." Picha ninayo.

Basi lilifika kutoka Nairobi limechelewa, viti vyetu vimekaliwa na watu wengine. Hilo tulilimeza. Tulipofika Busia, konda akaamuru kila mtu ashuke na kitambulisho, mabegi yabaki kwenye buti. Tukapanga foleni ya uhamiaji, kisha ya kadi za homa ya manjano. Mbele yetu alikuwa mama mmoja mzee, afisa akiigeuza kadi yake huku na huku, na sisi tukisubiri zamu yetu nyuma yake. Kutoka nje upande wa Uganda, basi hakuna! Mama wa watu dawa zake za presha zilikuwa humo ndani. Tulipompigia konda akatujibu, "Dereva hangoji mtu. Mabegi mtayakuta Kampala."

Orodha ya abiria si wanayo? Nani alihesabu watu kabla gari halijang'oa? Huyo mama angezidiwa pale mpakani, nani angejibu?

Tulichangishana tukampandisha mama matatu (wenyewe huko huiita taksi), nasi tukapanda hiyo hiyo kwa pesa zetu. Jinja tuliipita hivyo hivyo bila kushuka. Kampala mabegi tuliyakuta, langu zipu imefunguliwa na koti la mvua halimo. Na ile tiketi ya Hoima? Karani wa kule aliisoma akasema kampuni yao haina gari la kwenda Hoima na haijawahi kuwa nalo. Yaani tuliuziwa basi ambalo halipo. Huo ni wizi.

Kasubi tulifika. Nyumba kuu ya makaburi, ile iliyoteketea Machi 2010, imejengwa tena, na mwaka 2023 UNESCO waliitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini pesa za Mparo zilikuwa zimeishia njiani, na Mparo ndiyo binamu yangu aliyokuwa akiisubiri kwa hamu kuliko kote.

Tangu turudi, ofisi ya Kisumu inatupiga danadana. Mara karani amehamishwa, mara meneja yuko Nairobi, mara njoo Jumatatu. Nataka nauli ya Kampala hadi Hoima, nauli tuliyolipa kutoka Busia, na thamani ya koti langu. Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa na kampuni za mabasi ya kuvuka mpaka? Nianzie NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya), au niende moja kwa moja mahakama ya madai madogo na picha ya tiketi? Na kama wewe pia uliachwa Busia, andika hapa chini ilikuwa lini, nitaongeza kwenye malalamiko yangu.