Naombeni ushauri: kijiji gani kizuri Uskoti kwa familia yenye watoto wadogo?

Mshambaa Ughaibuni
Wakuu, habari za majukumu.

Nina mke na watoto wawili, mkubwa miaka minne, mdogo mwaka na nusu. Tunaishi Leicester. Mwezi wa saba tunataka kupumzika wiki moja Uskoti, kwenye kijiji chenye mandhari hasa: maji, milima, nyumba nyeupe zilizojipanga ufukweni, watoto wakimbie bila kuogopa magari. Sitaki mji, sitaki hoteli. Nimeangalia picha mpaka macho yanauma na kila ninayemuuliza ana lake. Nimetajiwa Luss, Plockton, Tobermory, Crail na Applecross. Mliofika huko, kipi kinafaa? Hasa nataka kusikia kuhusu Applecross. Msichelewe wakuu, nina presha ya muda.

Kiberenge
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa siti ya mbele.

Dada wa Clyde
Karibu kaka. Mimi niko Glasgow muda mrefu sasa, na wanangu nimewalea kwenye hivyo vijiji.

Luss kiko ukingoni mwa ziwa la Loch Lomond, basi la Glasgow linafika, nyumba ni za mawe zenye maua mlangoni, kuna gati na kifukwe. Shida yake wikiendi ya kiangazi: watu wanajaa mpaka kigari cha mtoto hakipiti. Plockton ndicho kipenzi changu. Ghuba yake imekingwa, maji yametulia, na mbele ya nyumba kuna miti ukiiona kwa mbali utasema minazi, kumbe asili yake New Zealand. Tobermory ni kisiwani Mull, zile nyumba za rangi mbele ya bandari. Mnapanda kivuko Oban mnashuka Craignure, halafu bado safari ya barabara. Crail ni upande wa mashariki, Fife, bandari ndogo ya wavuvi, na mashariki mvua ni kidogo kuliko magharibi. Ukiwa na watoto wadogo hilo la mvua usilidharau.

Nikuulize: mna gari? Na nani anaendesha?

Mshambaa Ughaibuni
Ubarikiwe dada. Usafiri upo, tutaendesha taratibu, usiwe na wasiwasi. Tuseme mtu amechagua Applecross, watoto watafurahi?

Ngalawa
Mkuu usichukie, ila mimi lazima niseme. Watoto wa Kishambaa wanapelekwa kuona milima Uskoti wakati Usambara hawaijui? Hiyo pesa ongeza kidogo uwapeleke kwao. Waone Magamba, washuke Pangani wacheze mchangani na binamu zao. Mimi wangu walipofika Bongo mara ya kwanza hawakujua hata kumwamkia bibi yao, nikaumia sana. Sasa kila nikipata likizo ni nyumbani tu.

Sauti ya Nyika
Naunga mkono hoja. Na akilazimika kwenda Uskoti basi aanzie Edinburgh, awaonyeshe watoto Mwalimu Nyerere alisoma wapi, 1949 hadi 1952. Pia nje kidogo ya Glasgow kuna Blantyre, alikozaliwa Livingstone mwaka 1813; nyumba aliyozaliwa ni makumbusho siku hizi na treni inafika. Mtoto wa Kitanzania akitajiwa Ujiji na Bagamoyo akiwa palepale, hiyo ndiyo elimu.

Dada wa Clyde
Mtoto wa mwaka na nusu unamweleza Livingstone? Kaka, bado hujanijibu nani anaendesha.

Nesi wa Inverness
Nimeingia kwa sababu ya Applecross, maana kijiji hicho nakifahamu.

Kijiji ni kizuri, sitaki kukuvunja moyo. Ghuba pana inayotazama visiwa vya Raasay na Skye, kulungu wanapita barabarani jioni bila kumjali mtu. Lakini kufika kwake kuna njia mbili tu. Ya kwanza inapanda mlima kwa barabara iitwayo Bealach na Bà, unaanza karibu usawa wa bahari unafika mita 626. Barabara ni ya gari moja, magari yanapishana kwenye vituo vya kupishania, na juu kuna kona za kujikunja ambako ukikutana na gari lingine mmoja wenu anarudi nyuma, ubavuni ni bonde. Pale chini kuna kibao kinachoshauri wanaojifunza udereva na wenye magari makubwa wasipande. Njia ya pili inazunguka kwa kijiji cha Shieldaig kando ya bahari. Ni ndefu zaidi na nayo ni ya gari moja, ila haina mpando ule.

Mtoto akiugua usiku, hospitali ya karibu ni Broadford upande wa Skye, kubwa ni Raigmore huku Inverness, na toka Applecross ni zaidi ya saa mbili ukiwa na watoto. Kwa hiyo swali la dada ni la msingi. Mjibu.

Mshambaa Ughaibuni
Sawa wakuu, niseme tu.

Anayeendesha ni mama watoto. Kapata leseni mwezi wa tatu mwaka huu. Mimi leseni yangu ya Bongo hapa ilikuwa halali miezi 12 ya kwanza tu, imeshapita, na tarehe ya mtihani sijapata. Mke wangu anaendesha vizuri, anakwenda kazini kila siku.

Na nyumba nimeshalipia advansi. Iko Applecross. Salio natakiwa nimalizie wiki ijayo, ndiyo hiyo presha ya muda. Watu wanahofia kona bure, sisi ni watu wa Lushoto, kona za Soni tumezaliwa nazo. Na mama yangu anatoka nyumbani kuja kututembelea, nimeshamwahidi na picha nimemtumia. Siwezi kumgeuzia.

Dada wa Clyde
Kumbe na mama yumo! Gari gani kaka?

Mshambaa Ughaibuni
Dogo, la milango mitano. Tunaenea.

Dada wa Clyde
Mnaenea vipi? Nyuma kuna viti viwili vya watoto, bi mkubwa anakaa katikati yao, magoti yamemfika kidevuni, maili 500 toka Leicester. Umri wake mzee?

Mshambaa Ughaibuni
Sabini na kidogo. Magoti yanamsumbua kiasi.

mtoto wa Pongwe
Mkuu hapo kwenye Soni nikusahihishe kwa heshima zote. Mimi nimepanda Mombo kwenda Lushoto tangu nanyonya. Ile barabara ni salama kwa sababu dereva anayekupandisha kaipita miaka ishirini, anajua kila jiwe, na akipiga honi kwenye kona anajua nani atamjibu. Nyinyi mliokaa ndani hamjazoea kona, mmezoea kupandishwa. Shemeji yetu amezoea kona zipi Leicester?

Kiberenge
Hapo umemaliza.

Hakimu Mstaafu
Naomba nisimamishe uzi kidogo. Hii ni chai, stori ya kutunga.

Angalieni mtiririko. Mwanzo anaomba achaguliwe kati ya vijiji vitano, kumbe alishalipia. Akiulizwa gari anajibu "usafiri upo". Mara mke, mara leseni ya juzi, mara bibi mwenye magoti kapanda ghafla. Kila akibanwa anazaliwa mtu mpya. Mtu mzima hawezi kulipia nyumba mwisho wa dunia bila kujua atafikaje. Hizi ni nyuzi za kutuonyesha kwamba mwenzetu yuko Ulaya. Alete ushahidi au mods wafunge.

Ngalawa
Mimi nilihisi tangu mwanzo.

Sauti ya Nyika
Hata kama ni chai, ushauri wa Edinburgh unabaki palepale.

Nesi wa Inverness
Hakimu, kazini kwangu nakutana na familia kama hizi kila kiangazi. Wanafuata picha, wanafika wamechoka, mtoto anatapika, baba na mama hawasemeshani. Mimi namwamini.

Mshambaa Ughaibuni
Hakimu, sina haja ya kumringia mtu. Nilificha kwa sababu naona aibu baba mzima kukaa kiti cha abiria, na nilijua nikisema mapema mtanirukia. Ushahidi huu hapa, mwenye nyumba ndivyo alivyoandika, nimefasiri nilivyoweza:

"Vyumba vyote viwili vya kulala viko juu. Ngazi ni za mbao, mwinuko mkali, kamba ya kushikia iko upande wa kushoto. Bafu na choo viko juu. Maji yanatoka kijito cha mlimani na yana rangi ya hudhurungi kwa sababu ya mboji. Yana chujio na taa ya kuua vijidudu, ila kwa watoto wachanga chemsheni. Kuni ziko bandani. Simu haishiki ndani, nendeni getini."

Mtu akitaka kutunga atatunga na kamba ya kushikia?

mtoto wa Pongwe
Kwa hiyo Hakimu hakukosea sana, chai ipo, inatoka bombani.

Hakimu Mstaafu
Nafuta kauli. Kamba imenishinda. Sasa mkuu, usome tena ulichokiandika. Choo kiko juu.

Dada wa Clyde
Nilikuwa nataka kusema hilohilo. Bi mkubwa wa sabini, magoti mabovu, kila akitaka choo mchana anapanda ngazi za mbao kwa kamba. Na mtoto wa mwaka na nusu ndiyo umri wa kupanda kila kitu. Kaka, barabara tuiache. Hiyo nyumba haiwafai hata ingekuwa Leicester.

Mshambaa Ughaibuni
Mama anaweza kulala sebuleni, kuna kochi la kukunjua. Ndoo ya usiku tutaweka. Na mageti ya ngazi yanauzwa.

Dada wa Clyde
Mama mzazi umempandisha ndege umlaze kwenye kochi na ndoo? Umwambie hivyo ana kwa ana uone.

Nesi wa Inverness
Tusimkabe sana, tumsaidie. Kaka, fanya hivi. Kabla ya kulipa salio, mwandikie mwenye nyumba ukweli wote: mama, magoti, dereva mgeni. Muulize akipata mpangaji mwingine wiki hiyo kama atakurudishia advansi. Julai nyumba za kule zinagombaniwa, kwa hiyo na yeye hana hasara.

Halafu badilisheni mpango uwe wa treni. Kuna treni moja kwa siku toka London King's Cross mpaka Inverness bila kubadilisha, inapita York, Newcastle, Edinburgh na Aviemore. Nyinyi mtaidakia njiani. Watoto chini ya miaka mitano hawalipi. Mama ombeni msaada wa kiti cha magurudumu mapema, wahudumu watampokea mlangoni mwa behewa.

Boat of Garten, karibu na Aviemore, ningekichagua kwa watoto hawa. Treni ya moshi inafika hapohapo kijijini, na mtoto wa miaka minne akiiona inatoa mvuke hatataka tena kusikia habari ya mlima. Kwenye ziwa la Loch Morlich kuna ufukwe wa mchanga kabisa katikati ya msitu wa misonobari, na Glenmore kuna kundi la reinidia, kulungu wa nchi za baridi, waliorudishwa Uskoti mwaka 1952. Mabasi na teksi za Aviemore zinafika. Au kama roho yako iko kwenye bahari na nyumba nyeupe, treni ya kwenda Kyle of Lochalsh inatoka Inverness na Plockton ina stesheni yake. Toka stesheni mpaka ufukweni mnatembea. Mama mwitieni teksi. Tafuteni nyumba yenye chumba na choo chini, na muulize kwa maandishi.

Popote mtakapokwenda, jihadharini na visubi, vile vidudu vidogo vinavyouma. Julai, jioni isiyo na upepo, hasa magharibi, wanatoka kama wingu. Malaria hawana, lakini mtoto atajikuna usiku kucha. Upepo ukivuma kidogo tu hawaruki. Nunueni kofia za chandarua, mrudi ndani jua likilegea. Na kupe: kila jioni wakagueni watoto nyuma ya magoti na kwenye mikunjo wakishatoka kwenye majani marefu.

mtoto wa Pongwe
Jua likilegea ni saa ngapi huko?

Nesi wa Inverness
Hapo ndipo penye kazi. Julai linazama saa nne na kitu usiku, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri limeshatoka. Mbebe shuka nyeusi za kuziba madirisha, la sivyo watoto hawalali.

Ngalawa
Isha mnaswali saa ngapi jamani? Ndiyo maana nikasema Pangani.

Mshambaa Ughaibuni
Nimewasoma wote. Mama watoto naye kachukua simu kausoma uzi mzima. Kanyamaza muda mrefu, halafu akaniambia yeye hakuwahi kuambiwa habari ya ule mlima wala kibao. Ni kweli, sikumwonyesha. Nilimwonyesha picha za ghuba.

Amesema akilazimika ataendesha kwa njia ya Shieldaig, ila hataki. Anataka treni. Mimi bado Applecross inaniuma, kwa kweli, ile ghuba nimeiota. Lakini mwenye nyumba nimemwandikia sasa hivi, nimemweleza yote. Akijibu nitaleta mrejesho. Plockton nimeona nyumba moja ya chini tupu, haina ngazi, imebaki wiki ileile. Nikimpigia mama kumweleza mabadiliko nianzie wapi?

Dada wa Clyde
Anza na treni. Mwambie hatabanwa katikati ya viti vya watoto. Mengine atayapokea mwenyewe.

Kiberenge
Sasa tumefika kwenye fani yangu. Mkuu, mkipanda treni ya Inverness kwenda Kyle, kaeni upande wa kulia. Baada ya Strathcarron reli inaambatana na Loch Carron mpaka Plockton, maji yako chini ya dirisha kabisa. Mama mpe kiti cha dirishani, mkubwa akae naye. Wahini mapema, kiangazi upande huo unajaa.