Kibanda cha gemu na PlayStation (PS) ya sebuleni: kipi kinachafua mazingira zaidi?

Mwanzisha mada (Magomeni, Mtwara): Wakuu, habari za jioni. Juzi kwenye kikao cha mtaa mzee mmoja alitoa hoja vibanda vya gemu vifungwe. Sababu ya kwanza watoto wanatoroka shule, hiyo sibishi. Ya pili ndiyo iliyonileta: eti vibanda vinakula umeme na kuzalisha taka za elektroniki. Mzee namheshimu, lakini mwanawe ana PS5 chumbani na PS4 imelala juu ya kabati.

Tuhesabu. PS5 mechi ikiwa imechanganya inavuta wati 200 hivi. Saa tano, uniti moja ya umeme wa LUKU imekwenda, bado TV. Kibanda cha jirani yangu kina PS3 mbili na PS4 moja, na kuanzia mchana hadi usiku pedi hazipoi: ukifungwa unampisha mwenzio. Mashine tatu, mtaa mzima. Tukikifunga, wenye uwezo watanunuliwa zao korosho zikilipwa. PS thelathini mahali pa tatu. Hapo nani kachafua?

Mama Wawili (Shangani): Kaka, umesahau jenereta. Umeme ukikatika, na unavyokatika tunajua, kibanda cha huku kwetu wanaliwasha mlangoni, moshi wote unaingia ninapolaza mtoto. Na usiyafanye mazingira mwavuli. Wa kwangu alitumwa daftari, hela ikaishia kwenye mechi.

Mwanzisha mada: Kwa jenereta umenishika, mama. Liwe sharti basi: umeme ukikatika, mlango unafungwa. La daftari, pole sana.

Mdau wa Ligula: Hizo uniti mnazohesabu ni za nini? Umeme wa hapa kwa miaka mingi umekuwa wa gesi ya Mnazi Bay. Imegunduliwa 1982, bomba likaipeleka Dar 2015, leo mtoto wa Mtwara aambiwe abane matumizi ya PS? Nacheka tu.

Mwanzisha mada: Gesi ni afadhali kuliko makaa ya mawe, ila ikichomwa hewa ukaa inatoka vilevile. Uchungu wa bomba tunao wote, tusiuchanganye na hili.

Fundi simu na PS (Chuno): Mnabishania uniti, wakati uchafu mwingi uko kwingine. Simu, kwa mfano, sehemu kubwa ya hewa ukaa yake imeshatoka migodini na kiwandani kabla hujaiwasha. Kwa hiyo cha maana ni kifaa kiishi miaka mingapi.

PS4 zinazoletwa kwangu "zimekufa" nyingi ni vumbi tu. Feni inanguruma kama mashine ya kusaga, inajizima katikati ya mechi. Nafungua, napuliza, nabadilisha krimu ya prosesa, inarudi kazini. Pedi inayotembeza mchezaji yenyewe ni analogi (kile kijiti cha kidole gumba), inabadilishwa. Tundu la HDMI (la waya wa TV) likivunjika nachomelea jingine. Kibandani wananiita mapema kwa sababu mashine ikilala wamekosa hela. Za majumbani zikigoma zinapelekwa juu ya kabati, na akitafutwa mtu ni wa kuuza mpya.

Watengenezaji nao wana lao. Kisoma-diski cha PS5 za mwanzo kina bodi ndogo iliyofungamanishwa na bodi kuu, ukikihamishia kizimakizima kwenye mashine nyingine hakisomi. Hapo unamlaumu mtoto wa kibandani?

Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za elektroniki tani milioni 62, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri hazikufika robo. Huku kwetu mnunuzi wa chuma chakavu anachukua anachokitaka, nyaya zinachomwa ipatikane shaba, plastiki inabaki mtaroni.

Kijana wa Mitwero (Lindi): Mimi PS sina, nacheza kwenye simu. Lile gemu la mpira linatoka jipya kila mwaka, 2023 likabadilishwa hata jina kutoka FIFA kuwa EA Sports FC, na mpira ni uleule. Nacheza la zamani, vijana wameliwekea Simba na Yanga. Namungo yetu bado naitafuta humo! Ila nakiri, kila msimu wa korosho hapa simu zinabadilishwa hata zisizo na tatizo. Nami nimo.

Mzee wa Hoja: Mnayemsema ni mimi. PS5 nilinunua ili mwanangu nimwone anacheza na nani, na hilo sijutii. Kibandani nani anajua anakaa na nani? Kuhusu taka nimewasikia, kikaoni nitabaki na hoja ya shule na ya jenereta. Fundi, ile PS4 haisomi CD. Unatengeneza?

Fundi simu na PS: Ilete, mzee. Mara nyingi ni lenzi tu.

Mama Wawili: Ikipona usiirudishe kabatini. Jirani yangu ana kibanda, ila hilo jenereta lihame kwanza.