Naomba ushauri: Wilson–Ukunda au JKIA–Mombasa?

Habari zenu wadau. Nampeleka mama Diani mwezi ujao. Magoti yake hayataki kukaa sana, kwa hiyo basi na SGR nimeshaviondoa. Imebaki ndege kutoka Nairobi: uwanja wa JKIA au ule mdogo wa Wilson.

JKIA hadi uwanja wa Moi, Mombasa, ni karibu kilomita 420 angani. Tiketi inaandika saa moja, ingawa hewani ni kama dakika 45 tu. Shida ni baada ya kutua. Uwanja uko bara, upande wa Changamwe, na Diani iko kusini: ama tukapange foleni ya feri Likoni, ama tuzungukie barabara ya Dongo Kundu. Wilson nako kuna ndege ndogo za moja kwa moja hadi Ukunda, na ukishuka pale umeshafika Diani. Tena sisi ni watu wa Rongai, Wilson ni karibu, Magadi Road ikikubali (haikubali).

Mliopanda hizo za Ukunda: ngazi zake mzee wa magoti anaziweza? Mizigo wanaruhusu kilo ngapi? Na teksi ya kupitia Dongo Kundu siku hizi ni pesa ngapi? Mama anasema twende tu na basi la usiku. Huyo msimsikilize.