"Mawe hayana risiti"! Huyu bwana wa mtaro leo ametutukania mama zetu

Nyundo ya Loleza (mleta mada):
Wakuu, nimetoka mkutano wa mtaa sasa hivi, hata viatu sijavua. Natetemeka, na si baridi ya Mbeya hii.

Yule bwana anayesimamia mtaro wetu wa maji ya mvua mnamjua, simtaji. Yule wa koti la kijivu, faili kwapani hata akienda msibani. Leo mama mmoja mtu mzima, mjane, kanyoosha mkono kwa adabu zote: "Mwanangu, ile saruji ya mtaro imeishia wapi?" Akamjibu mbele ya mtaa mzima: "Mama, wewe ulichangia mawe tu. Mawe hayana risiti."

MAWE HAYANA RISITI!

Ruzuku ya kuboresha mtaa ilipokuja tuliambiwa hela ni kidogo, itatosha saruji, nondo na fundi. Mawe, mchanga na kuchimba ni nguvu za wananchi. Tukakubali. Kina mama wakabeba mawe kichwani kutoka mtoni, wengine na mtoto mgongoni. Vijana wakachimba mpaka machepe yakabaki mipini. Mtaro ukafika katikati ya mtaa, ukakata roho. Maji yote yanayoshuka kutoka mlimani sasa yanakusanyika sehemu moja na kumwagika sebuleni kwa huyohuyo mama. Mvua za Novemba zikianza atalala juu ya kabati.

Halafu eti mawe hayana risiti! Kwenye miradi kama hii nguvu za wananchi huwa zinathaminiwa kwa hela na kuandikwa kwenye makadirio. Wakaguzi walipokuja, yeye mwenyewe alionyesha lile rundo akajisifu, "wananchi wangu wamehamasika". Siku ya kuomba hela mawe yalikuwa mali. Siku ya kuulizwa hesabu ni mawe tu.

Na alivyolisema! Kacheka kidogo, kafunga faili, wale wapambe wake wa benchi la mbele wakapiga makofi. Mama kakaa chini kimya. Mtu kabeba mawe mpaka shingo imeingia kifuani anaambiwa "mawe TU". TU!

Nataka mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Mifuko mingapi, nondo ngapi, nani kasaini.

Mwana_Sae:
Koti la kijivu! Nimemjua hata hujamaliza sentensi. Lile faili halijafunguliwa tangu Mbeya iitwe jiji.

SokoMatola:
Mleta mada, ulikuwepo, mdomo uliuacha wapi? Mama wa watu kasimama peke yake, wewe unakuja kunguruma humu. Mwanaume mzima.

Nyundo ya Loleza:
Nilisimama, akasema muda umekwisha! Tusitoke kwenye hoja. Mtu mzima anatamka "mawe hayana risiti" mbele ya mjane, nyie mnaniuliza mdomo?

Fundi Chepe:
Mimi ni fundi. Mtaro unaanzwa chini, pale maji yanapotokea kwenda mtoni, ndipo unapanda nao. Hela ikikata njiani, kipande ulichojenga kinafanya kazi. Ukianzia juu ukaishia katikati umemwelekezea mtu mafuriko. Sasa semeni, huko juu walikoanzia anakaa nani?

Mwana_Sae:
Hahaha! Koti la kijivu.

Nyundo ya Loleza:
Na mbele ya geti lake ndipo penye zege nene kuliko kote. Sisi mawe tu.

Kamwene wa Mlimani:
Nyie mna nusu mtaro mnalia. Huku Iringa tulikusanya mawe, tukaambiwa hela imeelekezwa kwingine. Lile rundo lipo mpaka leo, mbuzi wanapandia.

Dada Vikoba:
Mawe, mawe, mawe! Ongeleeni mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, tena bila riba. 2023 ikasimamishwa, 2024 ikarudi, na sisi mama lishe kila tukienda tunaambiwa katiba ya kikundi ina kasoro. Mara muhuri, mara picha, mara mhusika yuko semina.

SokoMatola:
Vikundi vyenyewe ni mume, mke na shemeji. Hela ikitoka, kikundi kinahama mkoa.

Dada Vikoba:
Taja kimoja! Wengine tunaamka saa kumi kuwasha moto, usitupake matope.

Nyundo ya Loleza:
Jamani, uzi ni wa mtaro.

Mkulima wa Isyonje:
Mnadai risiti za mawe, njooni huku kwenye viazi. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Dalali anakuja na lumbesa, gunia la kujaza kupita kiasi, kilemba kimepanda mpaka hakifungiki, analipa gunia moja. Ukibisha anawasha gari anakwenda shamba la jirani.

Kamwene wa Mlimani:
Hapo umenigusa. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni ni hivyohivyo, mkulima analima magunia, anauza nusu yake.

Fundi Chepe:
Jirani naye ana makosa. Mkigoma wote dalali ataondoka na gari tupu?

Mkulima wa Isyonje:
Ada ya shule haisubiri mgomo, fundi.

Dada Vikoba:
Gunia shilingi ngapi kwa sasa? Mimi nahitaji la chipsi.

Mkulima wa Isyonje:
Njoo na mzani wako, dada, tutaelewana.